Siku Kusi Ilipofunga Bahari

Watoto wangu, wageni wengi wakifika Watamu mwezi wa Agosti hununa. Wametoka mbali, wamekuja kupanda mashua ya kioo waone samaki wa rangi wakipita chini ya miguu yao, kisha wanamkuta nahodha ameketi chini ya mvinje, mashua yake imefungwa. "Leo hapana," anawaambia. "Bahari imechafuka." Basi wanageuza, wanarudi hotelini kutazama simu. Wanakosa mengi. Hifadhi ya pwani hupangiwa mambo yake na upepo: nani aje, nani aondoke, mchanga ulale wapi, ndege atage lini. Ukitaka kuijua vizuri, nenda siku upepo unapofanya kazi.

Siku ninayowasimulia nilikwenda na wapwa zangu wawili, kaka na dada, wakati wa likizo ya Agosti. Watamu iko pwani ya Kenya, kilomita 20 na ushei kusini mwa Malindi. Bahari yake ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, nazo ndizo hifadhi za kwanza za baharini nchini Kenya. Mle ndani havuliwi samaki, haliokotwi kombe, halivunjwi tumbawe. Wavuvi wana eneo lao la nje, wanakoruhusiwa kuvua kwa mitego na mishipi ya asili.

Wapwa zangu walimsogelea mzee mmoja nahodha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Mbona mashua haziendi? Jua linawaka, mvua hakuna."

Mzee alinyoosha mkono kuelekea mbali, kule mwamba ulipo, ambako mstari mweupe wa povu ulikuwa ukiinuka na kushuka. "Yale mnayoyaona yanavunjika ni mawimbi ya kusi," alisema. "Mwamba ndio unaotukinga. Usingekuwepo, hapa tulipoketi pasingekalika. Lakini hata haya yanayopenya yanatibua mchanga chini. Nikiwapeleka mtatazama kioo, mtaona maziwa tu."

Yule msichana akauliza swali ambalo kila mtoto wa pwani angepaswa kuliuliza walau mara moja: "Babu, kusi inatoka wapi?"

Mzee akacheka, akanitazama mimi. Basi nikawaeleza, na nanyi nitawaeleza vilevile.

Mmewahi kukaa jikoni mama anapopikia kuni? Moto ukikolea, hewa ya juu ya jiko hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda kutafuta dari. Pale ilipoondoka hapabaki patupu. Hewa ya baridi huingia chini ya mlango kujaza nafasi, nawe miguu yako huihisi. Sasa chukueni bara la Asia. Kuanzia mwezi wa Aprili jua huliwakia sana bara lile kubwa, India na nchi za juu yake. Hewa ya huko hupanda, na hewa nzito ya bahari ya kusini hukimbilia kujaza. Njia yake hupita kwetu. Hiyo ndiyo kusi, inayotuvumia kuanzia Aprili hadi Septemba au hivi. Ikishavuka Ikweta hupinda kuelekea kulia, kwa sababu dunia inazunguka, ikaipita pwani ya Somalia na kufika India ikiwa imebeba maji mengi ya bahari. Mvua kubwa zinazowapa wakulima wa India mpunga wao zimepita kwanza Watamu zikiwa upepo wa kupeperusha kofia.

Ifikapo Desemba mambo hugeuka. Asia imepoa, hewa yake imekuwa nzito, na jua liko upande wa kusini. Basi upepo hurudi njia ileile, nao ndio kaskazi, unaovuma hadi Machi. Katikati ya misimu hiyo kuna majuma ambayo upepo haujui unakokwenda, leo huku kesho kule. Wazee waliyaita tangambili.

Mababu zetu waliitumia elimu hii kuendea mbali. Majahazi ya Arabuni na Uhindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, pembe na nafaka, kisha yakarudi kwa kusi. Aliyeidharau elimu hiyo alilipa. Mreno Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Mfalme wa Malindi akampa rubani aliyezijua pepo, wakang'oa nanga Aprili 24, kusi ndiyo inaanza, nao wakafika Calicut, India, chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka mapema, akapambana na bahari ileile kwa karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye kabla ya kuiona tena Malindi, Januari 1499. Kila ninapokumbuka habari hiyo humfikiria yule rubani. Vitabu vinabishana hata jina lake lilikuwa nani, ilhali yeye ndiye aliyejua siku ya kuondoka.

Tukaagana na mzee, tukatembea ufukweni.

Upepo ulikuwa unatusukuma ubavuni, na yule mvulana akaanza kulia kwamba kuna kitu kinamchoma miguuni. Nikamwambia ainame atazame. Chini, usawa wa vifundo vya miguu, mchanga ulikuwa unaruka. Chembe moja inainuliwa, inaruka kidogo, inaanguka na kugonga nyingine, nayo inaruka. Zile nyepesi huenda mbali, nzito hubaki nyuma pamoja na vipande vya simbi. Ndivyo vichuguu vya mchanga vya pwani vinavyojengwa, chembe kwa chembe, mpaka vikutane na mmea wa kuvishika.

"Na mchanga wenyewe unatoka wapi?"

Hapo nikawapa habari ambayo watoto hawaisahau. Sehemu ya mchanga mweupe wa Watamu ni mavi ya pono. Ndiyo, pono, samaki yule ambaye tukimwona mtu amelala fofofo tunasema ana usingizi wake. Mchana pono halali hata kidogo. Ana meno yaliyoshikana yakawa mdomo mgumu, anakwangua mwani uliojishika juu ya mawe ya matumbawe, anameza na jiwe lenyewe, analisaga kwa meno mengine yaliyoko kooni, kisha anatoa nyuma mchanga safi. Sehemu nyingine ni simbi na matumbawe yaliyovunjwa na mawimbi. Wapwa zangu walitembea kwa uangalifu mkubwa kwa muda mrefu baada ya hapo.

Tulipofika penye mivinje nikachuma kijani kimoja kilichoning'inia, chembamba mno. Watu huviita majani, lakini kivuteni taratibu kwa vidole viwili. Kinakatika kwenye kiungo, kinatoka kipande. Mkivuta tena, kinatoka kingine. Kile ni kitawi. Majani yenyewe ni vijimeno vidogo sana vilivyozunguka kila kiungo, havionekani mpaka ukisogeze machoni. Mti usio na majani mapana haupigwi vibaya na upepo wala haupotezi maji mengi, ndiyo maana mvinje unasimama mbele ya bahari mahali ambapo mwembe ungekuwa umeungua kwa chumvi. Na ule mlio wake wa kuvuma bila kukoma hutoka kwenye vitawi hivyo maelfu kwa maelfu vikikata hewa.

Mbele kidogo ufuo ulikuwa umefunikwa na rundo la majani ya bahari, meusi, yananuka. Kusi huyang'oa yale yaliyozeeka kwenye malisho ya chini ya maji na kuyatupa nchi kavu. Kuna hoteli huajiri watu wa kuyakusanya kila asubuhi, eti yanachukiza wageni. Mimi sikubaliani nao. Rundo lile huzuia wimbi lisiule ufuo, huwa makao ya vidudu, na vidudu huwa chakula cha ndege. Kinachotakiwa kuondolewa ni kile kilichonaswa ndani yake: ndala, vifuniko, vipande vya nyavu, chupa zenye maandishi ya nchi za ng'ambo. Hizo tulizikusanya mfuko mzima.

Kutoka pale tuliona visiwa vidogo vya mawe, vimeliwa chini na mawimbi mpaka vimebaki na vichwa vipana kuliko shingo. Mawe yale yalikuwa matumbawe hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kimoja kilichoko kwenye mlango wa ghuba ya Mida kinaitwa kisiwa cha nyangumi, na hapo tulisimama kwa darubini. Juu yake ndege weupe walikuwa wanapanda na kushuka, mikia yao ina panda. Hao ni buabua, na aina moja yao, ile ambayo kifua chake hupata wekundu hafifu msimu wa kutaga, huja kutaga kwenye jiwe lile wakati huuhuu wa kusi. Kiota hana, yai liko kwenye mwamba mtupu. Mtu akipandisha chombo pale kwa ajili ya kupiga picha, ndege wote huruka, na mayai hubaki yanaungua juani au yanaliwa. Msishuke kisiwani pale, na mkimwona nahodha anataka kuwashusha, mkataeni kwa adabu.

Nyangumi wa kweli nao wako nje ya mwamba miezi hiyo. Wale wenye nundu hula huko kwenye bahari ya barafu kusini mwa dunia, kisha hupanda mpaka maji yetu ya joto kuzaa na kunyonyesha, kuanzia Julai hadi Septemba. Siku ya upepo ni vigumu kuwaona, maana pumzi yao wanayoirusha juu huchanganyika na povu la mawimbi. Wapwa zangu walikodoa macho sana. Hawakuona hata mmoja, nami sikuwadanganya kwamba wameona.

Jambo moja la ufukweni lililonigusa zaidi lilikuwa kijiti kilichochomekwa mchangani juu ya mstari wa maji, alama ya kiota cha kasa. Watamu kuna watu wanaolinda viota hivi tangu miaka ya 1990, wanatembea ufuo usiku kutafuta nyayo. Kasa jike huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, hufukia, hurudi baharini asitazame tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Katika msimu wa kusi mawimbi hula ufuo, na kiota kilichochimbwa karibu mno na maji kinaweza kufurika na kuoza. Ndipo walinzi hukihamisha juu. Lakini hawahamishi ovyo. Yai la kasa, tofauti na la kuku, halitaki kugeuzwa. Saa chache baada ya kutagwa, kile kiumbe kichanga hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza yai unamuua. Kwa hiyo kila yai huchukuliwa polepole, upande wake wa juu ukibaki juu, na kulazwa vilevile kwenye shimo jipya lenye kina kilekile. Na mchanga huo ndio unaoamua watoto watakuwa dume au jike: ukiwa wa baridi hutoka madume wengi, ukiwa wa joto hutoka majike wengi. Upepo, mawingu na kivuli cha mti vyote vina neno katika hesabu hiyo.

Mchana tukapanda tuktuk hadi Mida. Nilitaka wapwa zangu wasikie tofauti.

Mida ni ghuba iliyoingia ndani ya nchi, ina mlango mwembamba wa bahari na imezungukwa na mikoko. Tulipoingia chini ya miti upepo ulikatika ghafla. Juu vilele vilikuwa vinayumba. Chini, tulipokuwa sisi, nywele hazitikisiki. Mawimbi nayo huishia vivyo hivyo, yakigonga mizizi elfu mmoja mmoja mpaka yanachoka. Mkikata mikoko mnaondoa ukuta huo, na upepo na maji havitauliza ruhusa ya kuingia kijijini.

Kijana wa Mida aliyetuongoza alituonyesha mti mmoja mmoja kwa jina. Mlilana ndio ulio mbele kabisa kuelekea maji. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda, na mbegu zake huota zikiwa bado mtini, zikaning'inia ndefu na za kijani. Zikianguka maji yakiwa yamekupwa, ncha huchoma tope na mti mpya umeshapandwa. Zikianguka maji yamejaa, huelea na kwenda mbali. Mkandaa ulitoa rangi ya kutia ngozi na nyavu. Na mchu, mti wa nyuma, unatoa mizizi myembamba inayochomoza topeni kwenda juu ili ivute pumzi, maana tope la mikokoni halina hewa.

"Chuma jani la mchu," yule kijana alimwambia mpwa wangu. "Lilambe."

Mvulana alinitazama kwanza, nikamwitikia kwa kichwa. Akalamba upande wa juu wa jani, macho yakamtoka. "Chumvi!" Dada yake akalinyakua naye akalamba. Mchu hunywa maji ya bahari, na chumvi isiyotakiwa huisukuma nje kupitia vitundu vidogo vya majani. Siku kavu yenye upepo, maji yanakauka upesi na chembe za chumvi zinabaki zikimetameta. Tulikaa hapo mpaka kila mmoja amelamba vya kutosha na kuona kiu.

Kisha tukapita kwenye njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba, inayopita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Mwisho wa mikoko upepo ulitupokea tena na daraja likaanza kuyumba. Dada mtu alipita akicheka. Kaka mtu alishika kamba mbili, akapiga hatua moja, akasimama, akapiga nyingine. Sikumharakisha. Chini yake, topeni, kaa wadogo madume walikuwa wamesimama milangoni mwa mashimo yao, kila mmoja ana gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake, wanalipunga juu na chini kuita majike. Akawatazama hao, akasahau hofu, akafika.

Mbele ya kibanda tope lilikuwa wazi eneo kubwa mno, maana pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 hata 4. Ndege walikuwa wametawanyika, wote wameelekeza midomo upande upepo unakotoka. Mkiona hivyo msidhani wamepangwa. Ndege akiupa upepo mgongo, manyoya yanafumuka na baridi inaingia, akiutazama, unayalaza.

Miongoni mwao walikuwepo wachache weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Yule kijana aliwaita wala kaa, na kwa kweli ndicho wanachokula. Mnamo Agosti ndio wanaanza kurudi, na ifikapo kaskazi huwa wamejaa Mida kwa mamia. Wanatoka kuzaa kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Iran, Falme za Kiarabu, Eritrea na Somalia. Huko hufanya jambo ambalo ndege wengine wa jamii yao hawalifanyi: huchimba shimo refu mchangani, na mwisho wa shimo jike hutaga yai moja jeupe. Mayai ya ndege wa pwani kwa kawaida yana madoa ili yasionekane. Hili limefichwa gizani, halihitaji madoa. Jua huupasha mchanga joto, na joto hilo huliatamia yai wazazi wanapokwenda kutafuta chakula. Kifaranga akishakua husafiri nao mpaka kwetu, na hata hapa Mida utamwona kijana mkubwa tayari, mwenye rangi ya kijivu, akimfuata mzazi topeni huku analia apewe kaa.

Tulimwona mmoja. Mzazi alikamata kaa, akamtikisa mpaka magando yakakatika, akamweka chini. Yule mtoto akachukua.

Jioni tulikula sambusa za kaa kule Dabaso, kwenye kibanda cha kikundi cha wanakijiji wanaotunza mikoko. Hapo sina la kueleza, nendeni mkale.

Nanyi mkitaka kwenda Mida, muulizeni kwanza mvuvi maji yanajaa saa ngapi. Chagueni siku za bamvua, mfike kibandani maji yakiwa yameanza kupanda, maana ndipo ndege husogezwa karibu na daraja hatua kwa hatua. Vaeni nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na kofia yenye kamba kwa ajili ya kusi. Msiokote kombe. Kiingilio cha daraja lipeni chote bila kuomba kupunguziwa: fedha zile zinakwenda kuwalipia karo ya sekondari watoto wanaoishi kando ya ghuba hiyo na msitu wa Arabuko-Sokoke.